Robo saa ya usiku jikoni: tabia ndogo zilizotupunguzia mkaa, takataka na uchovu

Ukisikia watu wanaongelea kutunza mazingira unaweza kudhani ni mambo ya semina, ya watu wenye sola juu ya paa na gari ya umeme, lakini mimi nakaa Tabata, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne mita moja ya Luku, umeme wa kulipia kabla, na nataka niwaambie kitu nilichokiona kwa macho yangu miaka yote hii ya kuendesha nyumba. Tabia zinazopunguza mkaa na takataka ndo hizo hizo zinazokupa afya na kukubakishia hela, na karibu zote zinaamuliwa usiku kabla hujalala. Asubuhi ya Dar haina nafasi ya kupanga kitu, kuna watoto, kuna foleni, kuna maji yametoka au hayajatoka, kwahiyo ambacho hakijaandaliwa usiku ujue utakinunua barabarani kwa bei kubwa tena kikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Mi naanza na maharage. Ukimaliza kuosha vyombo vya chakula cha jioni, kabla hujazima taa ya jikoni, chambua maharage ya kesho, osha, weka kwenye bakuli na maji mengi maana yanavimba, funika. Basi. Yakikaa usiku mzima, masaa nane hivi au zaidi, kesho yake yanaiva haraka sana kuliko yakiwa makavu, na yale maji ya kulowekea unayamwaga unapikia mengine, hapo unapunguza zile sukari zinazosababisha gesi tumboni, wale wanaosema maharage yanawasumbua wajaribu kwanza hivi kabla hawajayaacha. Kunde na dengu hivo hivo. Makande ndo kabisa, makande bila kuloweka ni kumaliza mkaa wa siku mbili kwa sufuria moja, jamani.

Na ukishazoea kuloweka utajikuta unakula maharage na kunde mara nyingi zaidi kwa wiki, sababu yako tayari pale yanakusubiri, huna tena kisingizio kwamba yanachelewa. Hapo ndo penye afya, protini ya bei ndogo, nyuzinyuzi, na watoto wanashiba kweli.

Hatua ya pili ni kikapu cha kuhifadhi joto, na nashangaa kwanini haki­zungumzwi zaidi huku kwetu. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu au hata boksi gumu, zungushia ndani vipande vya godoro la zamani au nguo zilizochakaa uzibane vizuri, chini na pembeni, alafu shona mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa unayachemsha kwanza motoni, na hapa nisisitize, yachemke kweli kweli yakitoa mapovu, isiwe chini ya dakika kumi, mi naacha mpaka ishirini, kwasababu maharage mabichi hasa haya mekundu yana sumu inayoondoka kwa kuchemka tu, joto la kikapu peke yake halitoshi. Baada ya hapo funika sufuria na mfuniko unaobana, ingiza kwenye kikapu, weka mto juu, kaendelee na kazi zako. Yanaendelea kuiva yenyewe bila moto. Ukirudi unayachemsha tena ndo unaunga, usile yakiwa vuguvugu tu moja kwa moja kutoka kwenye kikapu maana chakula kikikaa vuguvugu muda mrefu kinaharibika. Wali nao ni rahisi, ukichemka na maji yakaribie kukauka unauingiza, na hauungui chini.

Sasa kwanini nahangaika hivi na mkaa. Mkaa wa Dar unatoka kwenye misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga huko, na matanuri yale ya kufukia kwa udongo yanapoteza sana, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano mpaka kumi za kuni. Kwahiyo kila kopo la mkaa ambalo hujaliwasha ni kuni nyingi zimebaki kwenye mti. Alafu kuna moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani, sanasana ya kupikia, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani, na wanaokaa karibu na jiko ni akina mama na watoto wa mgongoni. Serikali yetu imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, ni jambo zuri na mimi naliunga mkono kwa moyo wote, lakini huku chini kuna nyumba nyingi mkaa bado upo na utakuwepo kwa muda, kwahiyo kutumia kidogo ni kazi ya leo.

Na naomba hili lisipite hivi hivi. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi. Ile hewa ya sumu haina harufu wala haionekani, mtu analala haamki tena. Kila msimu wa baridi huko Mbeya, Njombe, Arusha tunasikia habari za familia nzima kufa hivyo. Pikia nje au barazani, jiko likizimika ndo liingie.

Presha ya umeme, ile sufuria ya umeme inayoivisha haraka kwa mgandamizo wa mvuke, nayo niiseme haraka maana wengi wanaiogopa wakidhani inakula Luku. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa haifikishi hata uniti moja, kwasababu ikishapata joto inajizima na kujiwasha yenyewe. Hela ya kuinunua ndo ngumu, mimi niliipata kwenye mchezo wetu wa kuchangishana hela wa akina mama, zamu ikifika kwako badala ya kupewa hela ikaishia kwenye matumizi unanunuliwa kitu, tulikubaliana hivo wote na karibu kila mmoja sasa anayo. Kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, angalia tu usivuke.

Turudi kwenye robo saa ya usiku. Maharage yakishakuwa kwenye maji, naning'iniza kikapu cha sokoni kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, ndani naweka vile vyombo vya mfuniko vya kuwekea samaki na nyama, na mfuko wa kitambaa wa unga na mchele. Ukiweka kabatini utasahau, ukiweka mlangoni huwezi kutoka bila kukigusa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku kwetu tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitutangulia Agosti 2017 na Rwanda walianza mapema zaidi 2008, lakini nenda sokoni Buguruni au Mabibo uone vile vinailoni laini vya kufungia nyanya, dagaa, karanga, kila fungu na kinailoni chake. Muuzaji hana kosa, anakupa anachojua unataka. Ukimfikia na chombo chako mara ya kwanza atakushangaa, mara ya tatu anakuita mteja wangu na nyongeza anakuwekea. Vinailoni vile mwisho wake ni kwenye mitaro, masika ikifika mitaro imeziba na maji yanaingia ndani kwa watu, waliokaa karibu na bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa.

Takataka za jikoni tunazitenganisha, kindoo kimoja cha maganda na mabaki ya mboga, kingine cha vikavu. Ni hivo tu, ndoo mbili. Maganda ya ndizi, ya viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, hayo yanaenda kwenye kiroba nyuma ya nyumba, tabaka la maganda tabaka la majani makavu, unageuza kila wiki, nyama na mifupa usiweke vitaleta panya. Baada ya miezi michache una mbolea nyeusi haina harufu kabisa. Yakiozea dampo la Pugu Kinyamwezi yakiwa yamefukiwa bila hewa yanatoa gesi ya methani inayoongeza joto la dunia, yakiozea kwako yanakupa matembele. Mi nina viroba vya matembele na mchicha pembeni ya ukuta, mama mwenye nyumba mwenyewe sasa anakuja kuomba.

Maji nasema kwa ufupi. Wote tunakumbuka mgao mkali wa mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua. Maji ya kuoshea mboga yanamwagilia viroba, ya kufulia yanaosha choo, kuoga ni kwa ndoo na kopo.

Kitu cha mwisho cha usiku ni simu, na hii ilinigusa zaidi ya zote. Simu inachajiwa sebuleni, haiingii chumbani. Mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi ya usingizi, na wengi wetu tunaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, kwahiyo piga hesabu unatakiwa uwe umelala saa ngapi, video moja inakupeleka mpaka saa sita. Ukilala vizuri unaamka na muda, ukiwa na muda unatembea. Shirika lile lile la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wala huhitaji gym, shuka kabla, pakiwa pamebaki robo saa ya kutembea, umalizie kwa miguu kwenda na kurudi, siku tano za kazi, utakuta umefika bila kulipa senti.

Ushauri wangu kwa anayeanza, usibebe yote haya kwa pamoja. Leo loweka maharage tu. Fanya hivo mpaka mkono uende wenyewe ukimaliza vyombo, ndo uongeze kikapu mlangoni, baadae ndoo mbili. Wape watoto sehemu yao, wangu mkubwa anachambua maharage huku ananisimulia ya shule, muda ambao mchana hatuupati. Siku ukisahau kuloweka, loweka asubuhi upikie jioni, mchana kula mboga za majani.

Na kwa mnaochangia mita kama sisi, kaeni na wenzenu kabla ya kununua presha, siyo baada. Sisi tuna daftari limening'inizwa kwa kamba koridoni, kila mwenye presha au pasi anaongeza kiasi tulichokubaliana kwenye mchango wake wa Luku, na tangu tuanze kuandika hakuna aliyenung'unika.