Maswali ya Wasomaji: Mwanga, Maji na Uzazi wa Michikichi

Swali: Kwa nini miti ya jamii ya mnazi iliyo ndani ya msitu wa mvua hukaa miaka mingi bila kuzaa?

Jibu: Kikwazo cha kwanza ni mwanga. Chini ya miti mirefu hufika takriban asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa jua, na mche hudumisha majani machache hadi mti jirani uanguke na kuufungulia anga. Isitoshe, kwa kuwa mche huo hauna tabaka la kunenepesha shina kama miti mingine, hulazimika kuujenga unene wake kabla ya kurefuka.

Maji nayo huamua uzazi, na hapa ndipo penye maajabu. Mchikichi, mti wa mawese wa jamii hiyo hiyo ya mnazi, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hutoa mashada ya maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, na ukame huzidisha yale ya kiume, yasiyozaa. Kwa kuwa jinsia ya shada huamuliwa muda mrefu kabla ya maua kuchanua, hata kufikia miaka 2, uhaba wa chikichi unaouona leo huenda ulisababishwa na kiangazi kilichokwisha kusahauliwa.