Blanketi liache Njombe

Dada, umeuliza kama ukihamia Dar kutoka Njombe ubebe blanketi na masweta. Blanketi zito liache. Joto la huku halibadiliki sana: Januari na Februari mchana ni kama nyuzi 32, na Julai, tunayoiita baridi, usiku hushuka hadi 19 hivi. Utatucheka ukituona na masweta kwenye daladala!

Kinachochosha ni unyevunyevu. Masika, Machi hadi Mei, hasa Aprili, nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi zaidi, ingawa kuna miaka inakuja kwa hasira.

Kwa hiyo fikiria chumba kuliko nguo. Usikodi kiangazi ukadanganyika. Angalia alama ya maji ukutani, ulizia majirani. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Jangwani hufungwa na mji mzima unakwama. Mimi nilichagua chumba chenye madirisha pande mbili, upepo wa kusi unapita wenyewe. Na chandarua, tafadhali.