Siku ya tatu ya kiharusi

Baba alishikwa alfajiri, nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda. Alikuwa anatawadha. Alipofika kwenye kusukutua, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo yakamshuka kidevuni, naye hana habari. Shangazi akasema ni upepo, atafutwe mtu wa kumkanda. Namheshimu shangazi, lakini niliita gari.

Jirani alileta aspirini, tukakataa. Kiharusi huja kwa mshipa kuziba au kupasuka, na skani ya kichwa ndiyo inayotofautisha. Kama umepasuka, aspirini inazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zisizibe.

Cha baba kilikuwa cha kuziba. Miaka ya presha ilimchubua ukuta wa mshipa kwa ndani. Mafuta yakapenya, chembe nyeupe za damu zikayafuata kuyala zikakwama humo, pakawa kidonda kisichopona. Kilipopasuka, chembe sahani zikakimbilia kuziba kama kidole kilichokatwa na kisu, chembe nyekundu zikanaswa katika nyuzi za damu inayoganda, njia ikafungwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Sisi tulipopata skani muda ulishapita.

Siku ya pili alinishika mkono, ndugu wakaanza kuuliza tunarudi lini. Siku ya tatu akawa mzito wa usingizi, haitiki. Nikadhani kimempata kingine. Nesi akanieleza: sehemu iliyokosa damu imekufa, chembe nyeupe zimeingia kuzoa mabaki, ubongo unavimba kama jipu, na ndani ya fuvu hakuna nafasi. Kwa kawaida uvimbe huzidi kati ya siku ya 2 na ya 5. Tafadhali, msimwondoe mgonjwa hospitali kwa sababu ametabasamu.

Siku hizo hizo kinga ya mwili hushuka, na nimonia huingia kwa urahisi. Katika wodi zetu sisi jamaa ndio walishaji. Mama wa kitanda cha pili alinyweshwa uji wa ulezi akiwa amelala chali, kwa mapenzi matupu. Usiku ule kifua kikaanza kukoroma. Subirini kwanza apimwe kama anameza. Kisha mkalisheni wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Sauti ikiwa ya majimaji, acheni.

Sasa baba anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, chai nusu. Kila baada ya funda namwambia, "Baba, nisalimie," nasikiliza sauti, ndipo anaongeza lingine.