Maswali ya Wasomaji: Mbao za Mwembe Wetu Zitakuwa Tayari Lini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwezi Machi upepo wa mvua uliangusha mwembe uliopandwa na marehemu baba mkwe katika kiwanja chetu. Badala ya kuugeuza kuni, tulimwita kijana mwenye msumeno wa mnyororo, akalipasua gogo palepale uani, tukapata mbao 22 zenye unene wa inchi 2. Tunataka meza ya chakula ya watu wanane, ili kumbukumbu ya mzee ibaki nyumbani. Fundi wa mtaani anasema miezi miwili inatosha na yuko tayari kuanza wiki ijayo. Hata hivyo, baadhi ya mbao zina madoa ya buluu iliyokoza, na nyingine zimeanza kupasuka kwenye ncha. Je, tumruhusu aanze?
Mama wa watoto watatu, Buswelu, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nakuomba umzuie fundi kwa sasa, hata kama mbao zinaonekana zimenyooka na ukizigusa juu ni kavu.

Mti uliokatwa una maji ya aina mbili: yaliyojaa ndani ya vijitundu vya mti, na yaliyonyonywa na kuta za vijitundu hivyo. Yale ya kwanza hutoka mapema, na wakati yanatoka ubao haubadiliki umbo. Kusinyaa huanza pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta zenyewe zinapoanza kupoteza maji. Kwa hiyo ubao wa inchi 2 uliokaa miezi miwili, tena ya masika, unaweza kuonekana mtulivu kwa sababu tu kusinyaa kwake hakujaanza. Fundi akiunga meza leo, kazi hiyo itafanyika sebuleni kwako, mbele ya gundi na misumari yake.

Mimi nililipa gharama ya kutojua hilo. Katika miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza meza ya mvule kwa familia moja ya Kirumba, mbao zikiwa na miezi mitatu tu. Kabla mwaka haujaisha uso wake ulikuwa na ufa unaopitisha kijiko. Niliitengeneza upya kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo sianzi kazi kwa kuhesabu miezi. Hata ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene imetoka nchi za baridi. Huku kwetu kati ya Juni na Septemba mbao hukauka upesi zaidi, na wakati wa masika ukaukaji karibu husimama.

Tumia mizani. Mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni anajua kwamba gunia lisilokauka lina uzito wa maji, na mbao ni vivyo hivyo. Chukua ubao mmoja, ondoa sentimita 30 za ncha kwa kuwa ncha hukauka kwanza, halafu kata kipande cha sentimita 2.5, na baada yake kipande kirefu cha sentimita 60. Vipime vyote siku hiyohiyo kwa mizani ya jikoni inayobeba kilo 5, kisha kile kirefu kipake rangi nzito kwenye ncha zake mbili. Kile kidogo kikaushe katika oveni kwenye nyuzi joto 103 hivi hadi uzito wake usishuke tena, jambo linaloweza kuchukua siku nzima, na usikiache bila mwangalizi. Tuseme kilikuwa na gramu 175 na kimebaki na 125: maji yaliyotoka ni gramu 50, yaani asilimia 40 ya uzito mkavu. Ikiwa kile kirefu kilikuwa na kilo 4.2, gawanya kwa 1.4, utapata kilo 3 za mti mtupu. Katika hewa ya huku ziwani mbao iliyo kivulini hutulia karibu na asilimia 12. Kwa hiyo unasubiri kipande hicho kifike kilo 3.36. Kirudishe katikati ya rundo, kipime kila Jumamosi na uandike kwenye daftari.

Upangaji wa rundo ndio utakaoamua kama mbao zitanyooka. Anza sentimita 40 kutoka ardhini, juu ya matofali yaliyosawazishwa, ili mchwa wasipate njia na hewa ipite chini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya inchi moja, kila baada ya sentimita 50, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikiachana na mstari, ubao utapinda palepale. Weka mawe mazito juu, kisha ezeka bati linalozuia mvua na jua, lakini usizibe pembeni, kwani upepo wa ziwani wa mchana ndio utakaokufanyia kazi. Ncha zote zipakwe rangi nzito leo, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha upesi kuliko kwenye ubavu, na hicho ndicho chanzo cha nyufa unazoziona.

Madoa ya buluu ni ukungu unaokula sukari iliyomo katika mti. Haupunguzi nguvu ya ubao kwa kiasi cha kukutia hofu, na wapo wanaoipenda rangi hiyo, nami ni mmoja wao. Lakini ni dalili kwamba mbao zililaliana bila hewa. Hofu yangu kubwa kwa mwembe ni wadudu wanaotoboa na kuacha unga mweupe, nao hupenda mti huu. Pakaza mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki katika maji sasa, mbao zikiwa bado na unyevu, kwa kuwa dawa hiyo huingia ndani kwa kufuata maji. Wakati wa kuranda na kupiga msasa vaeni barakoa na mikono mirefu, maana utomvu na vumbi la mwembe huwasha ngozi za watu wengi.

Siku ya kuunga ikifika, mwambie fundi asitumie kwenye uso wa meza ubao uliobeba kiini cha katikati ya gogo, kwani huo hupasuka daima. Ufanye miguu mifupi ya stuli au vibao vya kukatia mboga. Uso wa sentimita 90 uliounganishwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 unaweza kupungua zaidi ya sentimita 1 upana wake hadi ufike 12. Hata mbao zilizokauka vizuri zitatanuka na kusinyaa milimita 3 hadi 5 kati ya masika na kiangazi. Kwa hiyo uso usigandishwe kwenye fremu kwa gundi wala misumari. Ushikwe kwa skrubu zilizopita katika matundu marefu kiasi, ili uweze kusogea bila kupasuka.

SWALI: Mlango wangu wa mbao za mgrivea hufunga vizuri mwezi Agosti, lakini Aprili unakwama. Kila mwaka fundi anauranda, na kila kiangazi nafasi inaongezeka. Nifanyeje?
Msomaji wa Nansio, Ukerewe

JIBU: Vua mlango utazame ukingo wa juu na wa chini. Mara nyingi utakuta kingo hizo hazikupakwa vanishi hata mara moja, na huko ndiko unyevu unakoingilia. Subiri kiangazi, upake kingo zote nne mara tatu, kisha masika ijayo uurande mara moja tu, ukiacha nafasi ya milimita 2. Ukitengeneza mwingine, usiunge mbao pana bega kwa bega. Tengeneza fremu yenye mifuo, yaani mifereji myembamba upande wa ndani, na vibao vya katikati viingie humo bila gundi.

SWALI: Magogo yangu ya mkaratusi yanapasuka ncha kabla hata hatujayapasua mbao. Je, ni ugonjwa?
Mkulima, Sengerema

JIBU: Hapana. Mkaratusi hukua ukiwa na mvutano mkubwa ndani, nao hufunguka mara unapoukata. Acha gogo refu kuliko unavyohitaji, paka ncha rangi palepale shambani, na upasue ndani ya siku chache. Kama utazivusha mbao kwenda Mwanza, pitia kwanza ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, upate hati ya kusafirishia.