Fungua Barua Pepe Mpya, Lakini ya Zamani Usiifute

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Gmail nimeichoka, nahamia Proton, ile huduma ya barua pepe inayosifiwa kwa usiri. Niifute kabisa ile ya zamani?" Nilimjibu palepale, mkono mmoja bado una ugali: usifute kitu! Nimeshindwa kulala kwa swali lake, kwa sababu mimi nilifuta.

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na kupenda vitu vipya nimeanza zamani. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupakua Signal, programu nyingine ya meseji. Nikalihubiria grupu zima la familia, watu 19. Walionifuata ni wanne. Mama mdogo alinipigia: "Mwanangu, hii moja tu nimejifunza kwa tabu, unanipeleka wapi tena?" Iliniuma. Lakini sikuwa nimesoma vya kutosha. Meseji za WhatsApp zinafungwa kwa siri, zisisomwe na mtu wa kati, kwa mfumo uleule wa Signal tangu 2016. Telegram, ambako wengine walikimbilia wakidhani wamejificha, haifungi mazungumzo ya kawaida namna hiyo mpaka ufungue yale ya siri.

Ila tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilipozimika kwa muda wa karibu saa sita, sisi watano tulikuwa tunaongea bila shida. Kesho yake mama mdogo akaniita nimwekee Signal. Nilitembea kwa fahari siku hiyo.

Fahari hiyo ndiyo iliyoniponza kwenye barua pepe. Mwaka 2022 nilipata huduma moja ndogo, ngeni, yenye anwani fupi ya jina langu bila namba hata moja. Ndani ya wiki nikachapisha kadi 200, nikabadilisha wasifu wangu, nikaifuta ile ya zamani. Baada ya miezi 11 huduma ikafungwa. Taarifa ilitumwa nikiwa kijijini namuuguza baba, mahali ambapo mtandao unaupata ukipanda kilimani. Niliporudi mjini, ukurasa haufunguki.

Mteja wangu wa Nairobi, tuliyefanya kazi pamoja miaka mitatu, alikuwa ametuma humo kitabu cha kurasa 160. Kimya changu akakihesabu dharau, kazi akampa mwingine. Nilizisikia habari hizo kwa mfasiri mwenzangu, tena kwa bahati. Kadi 140 bado zimo kwenye droo, zimefungwa kwa mpira.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotafuta wateja duniani kama mimi, huduma mpya ijaribu na marafiki wawili watatu kwanza. Miezi mitatu, mteja asiijue. Ya zamani iache hai, iagize ifowadi barua zote kwenye mpya, na uingie humo mara kwa mara, maana Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2. Benki, chuo, TRA (mamlaka ya kodi), kote ulikojiandikisha, badilisha anwani, sehemu moja baada ya nyingine. Usifute.

Na Proton yenyewe, ukimwandikia mtu wa Gmail, barua haifungwi kwa siri mpaka mwisho kama unavyomwandikia mwenye Proton, labda uiwekee nenosiri. Soma kabla ya kuhama! Watu hatusomi, tunafuata upepo.

Mimi sasa nimelipia jina langu mwenyewe la mtandaoni (domeini), linaloishia na .co.tz. Nalipa kila mwaka, na huduma ikinichosha naihamisha barua kwingine, anwani inabaki ileile. Mwenye kipato cha kalamu asione hiyo ni anasa. Mteja niliyempoteza alikuwa na thamani kuliko ada ya miaka mingi.

Wewe uliyeniuliza, fungua hiyo Proton leo na unitumie barua ya kwanza kutoka humo. Ya pili nitumie kutoka Gmail, nione kama bado ipo.