Kabla ya Kutafuta Wimbo wa Huzuni, Zima Friji

"Nina filamu ya dakika 8, mama anapokea simu ya msiba. Naomba mnipendekezee wimbo wa huzuni." Maswali ya namna hii humiminika kila tarehe ya kukusanya kazi za muhula inapokaribia, na jibu huwa halipendwi: wimbo usubiri. Itazame kwanza filamu yako bila muziki wowote. Ikikuchosha, tatizo liko kwenye sauti uliyorekodi siku ya kupiga picha, na fidla hata zilie vipi hazitalificha.

Friji, feni ya dari na taa za tyubu zote huvuma. Mvumo ukishaingia kwenye maneno ya mwigizaji, ukijaribu kuusafisha sana maneno nayo yanasikika kama yanatoka ndani ya pipa. Kwa hiyo zima vyote, kisha tia funguo zako ndani ya friji. Hutaondoka bila funguo, na utakapozifuata utakumbuka kuiwasha. Samaki wa mwenye nyumba wakiharibika hukaribishwi tena. Maiki ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, juu kidogo ya picha, ikielekezwa kifuani. Ile iliyochomekwa juu ya kamera, mita 3 kutoka kwa mwigizaji, kazi yake kubwa ni kurekodi kuta. Sakafu ya marumaru inarudisha mwangwi, basi tandika mablanketi na mikeka pale kamera isipoona. Kwenye mipangilio ya kinasa sauti chagua kilohezi 48 na biti 24, na kwenye kipimo chake vilele vya sauti vigote kwenye desibeli -12 hivi. Vikigonga 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka ndiyo hiyo.

Watu wasitawanyike bado. Wanyamazishe wote na urekodi chumba kitupu kwa sekunde 60. Hapa ndipo wengi wanaona wanapotezewa muda, halafu usiku wa kuhariri wanahangaika, maana kila panapokatwa neno pamebaki shimo, na sikio linalishtukia shimo hilo upesi kuliko jicho linavyoshtukia picha iliyoungwa vibaya. Kinachoziba ni kimya cha chumba kilekile, si cha chumba kingine. Na adhana ikianza katikati ya tukio, simama ungoje. Ukiunganisha kipande chenye adhana na kisicho nayo, muadhini atakatwa katikati ya neno, na mtazamaji wa Tanga au Mombasa hatasikia tena anachosema mwigizaji wako.

Sasa huyo mama. Yuko jikoni anasugua sufuria. Chini kabisa weka kimya cha chumba. Juu yake weka mtaa: watoto wanacheza, bodaboda inapita mbali, redio ya jirani inatangaza (mazungumzo uliyorekodi mwenyewe, maana hata wimbo wa redioni una mwenyewe). Kisha vya karibu, vinavyorekodiwa peke yake maiki ikiwa sentimita 20: stiliwaya kwenye sufuria, maji, simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao. Anapokea. Kwa sekunde 4 uvute mtaa chini polepole, watoto wapotee kwanza, redio ifuate, ibaki bomba linalodondosha maji kwenye beseni. Tone. Tone. Mtu akikuambia hapo panahitaji kinanda, muulize cha nini. Ukiona muziki ni lazima, uingie baada ya mama kukaa chini. Ukitangulia, umempa mtazamaji taarifa ya msiba kabla ya mfiwa.

Muziki wenyewe uwe wa ala moja au mbili: udi, zeze, nyatiti, marimba. Usiweke wimbo wenye maneno ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili, masikio hayawezi kufuata vyote viwili. Shusha muziki desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti ya msemaji. Maneno yakiwa bado hayashikiki, tumia EQ (kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu moja tu ya sauti, nyembamba au nzito) kupunguza desibeli 3 za muziki kati ya kilohezi 1 na 4, maana konsonanti nyingi hutegemea eneo hilo.

Kuhusu haki, wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Msanii wa Bongo Fleva anaweza kukukubalia kwa WhatsApp kumbe rekodi ni mali ya mtu mwingine. Ile hadithi ya "sekunde 7 ni bure" haimo katika sheria yoyote. Muziki wa leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu wengine waitumie kwa masharti aliyoyachagua, unafaa, ila soma herufi zake: BY inataka umtaje mwenye kazi, NC inakataza biashara, na ND haikuruhusu kuufunga na picha kabisa. Njia nyepesi ni mpigaji ala wa chuoni kwenu na karatasi moja iliyosainiwa, yenye jina la kipande, jina la filamu, ruhusa ya matamasha na intaneti, muda, na malipo hata kama ni sifuri. Ipatikane kabla hujaanza kuhariri. Ukihariri juu ya wimbo maarufu kwa "muda tu", utauzoea, na kila utakachopewa baadaye utakiona kibovu.

Mwisho, sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu. Besi nzito uliyoitegemea kuleta huzuni itatoweka kwenye simu, maana spika zile ndogo hazina nguvu chini ya hezi 200 hivi. Tone la bomba lisiposikika hapo, lipandishe desibeli 2, usikilize tena.