Yaliyoruka na moshi nayo yahesabiwe

Ukianza kazi ya kuchoma makumbi ya nazi maabara na kupima majivu yake, jitayarishe kuchekwa. Shangazi yangu aliniuliza kama skuli zote zile nimesomea jambo analolifanya yeye kila alfajiri jikoni. Sikuwa na jibu, na kwa mwezi wa kwanza yeye alikuwa anajua zaidi yangu.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la joto. Nililikuta tanuri la umeme limewekwa nyuzi 815 za Selsiasi, nikatia makumbi yangu bila kuuliza. Nyuzi 815 ni kipimo cha majivu ya makaa ya mawe. Kuni, makumbi, makonyo na makapi ya mpunga hupimwa kwa 550. Nilipoyapima majivu, potasiamu ilionekana kidogo, nami nikaandika kwa kujiamini kwamba makumbi hayana potasiamu. Mkulima yeyote anayemwaga majivu ya makumbi kwenye migomba angenicheka kuliko shangazi. Kloridi ya potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 770 hivi, na tangu karibu na 700 huanza kupanda kama mvuke. Mimi nilikuwa napima kilichobaki, nikidhani ndicho kilichokuwemo.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Kilo moja ya makumbi makavu, ikichomwa kwa 550, inaacha majivu gramu 50, na ndani yake potasiamu ni asilimia 20, yaani gramu 10. Kilo nyingine ya makumbi hayohayo, kwa 900, inaacha gramu 35, nayo ina asilimia 20 vilevile. Mgeni ataona 20 na 20, aseme hakuna kilichopotea. Lakini asilimia 20 ya gramu 35 ni gramu 7. Gramu 3 zimeruka, karibu thuluthi. Kila namba irudishe kwenye kilo ya kuni kavu kabla hujasema neno.

Na gramu 3 hizo haziendi peponi. Kwenye boila, mtambo unaochemsha maji kwa moto wa kuni, mvuke ule ukifika penye mabomba ya baridi hugandamana, majivu mengine yakanatia juu yake, na klorini iliyomo kwenye kloridi hiyo ikaanza kula chuma. Fundi wa boila anaiona kazi yako kwa jicho hilo: bomba gani litatoboka.

Klorini yenyewe usiitafute kwenye majivu. Sehemu yake kubwa huondoka mapema kama asidi, hata kabla ya nyuzi 500. Ipime kwenye makumbi ambayo hayajachomwa.

Sasa mchanga, na hapa visiwani Zanzibar mchanga ni mtihani wa peke yake. Mchanga wetu mweupe wa ufukweni ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kabonati. Kamulia ndimu uone unavyochemka. Kwenye 550 unatulia kwenye majivu yako kama mgeni asiyealikwa. Kwenye 900 unageuka chokaa, na kila gramu 100 zake zinapoteza gramu 44 za hewa ukaa. Ukitazama mizani utasema potasiamu imeruka, kumbe umechoma tanuri la chokaa dogo. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa mchanga uliojificha kwenye nyuzi za makumbi. Yakung'ute, lakini usiyaoshe: maji huondoka na potasiamu na klorini.

Jambo hilo la maji nilifundishwa Jambiani. Nilikwenda kuomba mabaki kwa bibi mmoja anayesokota kamba za usumba, nikitaka kuyalinganisha na makumbi ya shamba la Bumbwini. Akaniuliza, "Mwanangu, haya yamelala pwani miezi, utayafananishaje na ya juzi?" Kweli. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni hutoa potasiamu yake kwa bahari, yakapokea chumvi ya bahari. Majivu yake yana sodiamu utadhani si mnazi. Siku hizi kwenye kila mfuko naandika shamba, tarehe, kama yalinyeshewa, na yalianikwa juu ya nini. Mkeka au sakafu, si mchangani.

Makapi ya mpunga ni habari nyingine. Majivu yake ni silika, madini yanayotengenezewa kioo, tupu karibu yote, na silika ikiwa nyingi huishika potasiamu isiruke. Ila ukiyachanganya na kuni zenye potasiamu nyingi, viwili hivyo huyeyuka pamoja na kuganda kama kioo chini ya jiko.

Mwisho, masika. Majivu ya makumbi yanavuta unyevu vibaya sana. Yakitoka tanurini yapoe kwenye chombo kilichofungwa chenye chembe za kukaushia, uyapime upesi. Ukienda kusali adhuhuri ukaacha kibakuli wazi mezani, ukirudi utakuta majivu yameongezeka uzito, na uzito huo ni wa mvua.